Wingu Lisifunge Maduka Yetu

Kompyuta kuukuu iliyofungiwa chumba cha nyuma haiwezi kubeba hesabu za duka milele. Ikifa, duka hupofuka. Kwa hiyo hatumlaumu mwenye maduka atakaye kuhamishia hesabu zake kwenye “wingu”, yaani kompyuta za kukodi zilizo mbali, zifikiwazo kwa intaneti. Twamwomba tu ahame kwa hadhari.

Netflix ya Marekani, ilipokuwa ikikodisha filamu kwa posta, ilipatwa na hitilafu mwezi wa Agosti 2008; kwa siku tatu haikuweza kuwapelekea wateja wake diski zao. Ikaazimia kuhama. Kazi hiyo ilikwisha Januari 2016. Haikubeba mizigo yote usiku mmoja, bali ilijenga upya kazi moja baada ya nyingine.

Nasi tunayo sababu zaidi ya kutokwenda mbio. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za EASSy na SEACOM zilikatika baharini, na intaneti ikazorota Tanzania na kwa jirani zetu. Siku kama hiyo, duka lisiloweza kuuza bila wingu litamwambia nini mama aliyefuata unga na sabuni?

Basi twasema: ndugu wenye maduka, hameni, lakini kila duka liweze kuuza na kuandika mauzo yake lenyewe hata nyaya zikikatika. Na mkataba useme wazi jinsi hesabu zitakavyorudishwa kwa mwenyewe siku atakapotaka kuondoka. Usiache mbachao kwa msala upitao.