"Sisi" ni Nani? Maandamano na Ufisadi Mlimani

Katika sarufi tunafundishwa kwamba "sisi" ni kiwakilishi cha nafsi ya kwanza, wingi. Hatufundishwi ni nani aliyemo ndani yake. Zipo lugha zenye maneno mawili, moja la kumjumuisha msikilizaji na jingine la kumtenga. Kiswahili kina moja tu, na mwanasiasa wa Kenya anaufahamu vyema mwanya huo. Makala haya yanashikilia kwamba tangu mwaka wa 2024 vita dhidi ya ufisadi katika miji ya Mlima Kenya vimelegea kwanza katika maana ya kiwakilishi hicho.

Turejee Juni 2024. Vijana waliopinga Mswada wa Fedha walijitambulisha kwa sifa tatu: hawana kiongozi, hawana kabila, hawana woga. "Sisi" yao ilikuwa ya walipa kodi. Walimbandika Rais jina la Zakayo, mtoza ushuru wa Injili ya Luka, na jina hilo lilieleweka Nyeri, Kisumu na Mombasa bila mkalimani. Tarehe 25 Juni Bunge lilivamiwa na waandamanaji wakapigwa risasi. Kesho yake Rais akakataa kuutia saini mswada. Ikumbukwe kwamba Mlima ulikuwa umempigia kura kwa wingi mwaka wa 2022, na naibu wake alikuwa mwana wa Nyeri. Hata hivyo vijana wa Nyeri na Embu walijitokeza kuipinga serikali ambayo wazee wao waliiita "yetu".

Sababu hazikuwa mbali. Mapema mwaka huohuo ilifichuka kwamba mbolea bandia ilikuwa imeuziwa wakulima katika mpango wa ruzuku, kupitia maghala ya Bodi ya Nafaka. Waziri wa Kilimo wa wakati huo alitoka Meru. Uwaziri wa "mtu wetu" haukuugeuza udongo kuwa mbolea.

Kisha kuna neno "hisa". Naibu wa Rais, Rigathi Gachagua, alikuwa ameifananisha serikali na kampuni yenye wenyehisa, ambamo waliopiga kura ndio hupata kwanza. Alipong'olewa mamlakani Oktoba 2024, matamshi hayo yakiwa miongoni mwa hoja dhidi yake, wengi niliozungumza nao hapa Kutus hawakuuliza kama kampuni hiyo ilikuwa ikiibiwa. Waliuliza ni nani aliyechukua hisa zetu. Wabunge wa Mlimani walioiunga mkono hoja ile wakaitwa "wasaliti". Neno hili lina historia. Mwaka wa 1983 Rais Moi alidai kwamba mataifa ya kigeni yalikuwa yakimwandaa mtu kutwaa nchi; "msaliti" likavuma kila pembe hadi likamwangukia Charles Njonjo, na siasa zake zikaishia hapo. Anayelitamka neno hili hadaiwi hesabu ya kitu chochote.

Dai la mkono wa kigeni nalo halijazeeka. Julai 2024 Rais aliutaja Wakfu wa Ford hadharani kuwa unafadhili ghasia, nao ukakana. Waandamanaji kwa upande wao waliinyoshea kidole IMF. Sikubali kwamba madai haya yana uzito sawa: masharti ya mkopo yamo katika maandishi, na yeyote anaweza kuyasoma. Isitoshe, wakati huohuo serikali ilikuwa ikijadiliana na kampuni ya Adani kutoka India kuhusu kuikodishia uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta kwa miaka 30, mpango uliofutwa Novemba 2024. Mgeni huyo aliitwa mwekezaji.

Juni 2025 Albert Ojwang, mwalimu kutoka Homa Bay, alifia mikononi mwa polisi jijini Nairobi. Tarehe 25 mwezi huo, na tena tarehe 7 Julai, miji ya Mlimani ilikuwa miongoni mwa iliyowaka moto. Hapo mahasimu wawili wakaafikiana bila kukusudia. Wafuasi wa serikali walimlaumu Gachagua na watu wake. Wafuasi wa Gachagua wakajigamba kwamba Mlima umeamka. Wote walisema haya ni ya Mlima, na Ojwang akapotelea katikati yao.

Siku chache baadaye nilikuwa stejini Kutus nikisubiri matatu ya Embu. Mzee mmoja aliniambia kwamba sasa "sisi tunalipiza". Nikamuuliza, "Mzee, Ojwang naye alikuwa wetu?" Alinyamaza kidogo, akasema, "Huyo alikuwa mtoto wa mtu." Nililiona jibu hilo kuwa karibu zaidi na Juni 2024 kuliko hotuba zote nilizozisikia mwaka huo, nami nikatamani angeishia hapo.

Hakuishia hapo. Mazungumzo yalihamia mambo ya kaunti, na ndani ya Kirinyaga "sisi" ya Mlima haidumu. Uchaguzi ukikaribia hugawanyika ikawa Ndia, Gichugu na Mwea. Nilimuuliza kuhusu barabara ya kwao, ambayo imechimbwa ikaachwa na mvua inaijaza matope. Alinieleza kwanza mwanakandarasi anatoka upande gani wa kaunti. Kiasi cha fedha kilicholipwa hakukitaja, wala mimi, kwa kuwa matatu ilikuwa imejaa, sikupata nafasi ya kumuuliza.