Barua ya wazi kwa NEMA: pimeni hewa pale tunapoivuta

Kwa Mkurugenzi Mtendaji,
Mamlaka ya Taifa ya Usimamizi wa Mazingira (NEMA), Kampala.
Nakala: Ofisi ya Waziri Mkuu, Idara ya Wakimbizi, Meya wa Jiji la Mbarara.

Mheshimiwa Mkurugenzi, nakuandikia kutoka makazi ya wakimbizi ya Nakivale.

Naanza na shukrani. Tangu 2024 Uganda ina kanuni za viwango vya ubora wa hewa, na kabla ya hapo vijana wa AirQo pale Chuo Kikuu cha Makerere walikuwa wamekwisha kuunda vipimo vya bei nafuu na kuvitundika katika miji yetu. Kazi hiyo ni ya kujivunia. Ombi langu ni kwamba sasa hewa ipimwe pale mtu anapoivuta, karibu na pua yake, kutwa kucha, wala isiishie kupimwa juu ya nguzo na mapaa.

Chembe ninazozisema zinaitwa PM2.5. Upana wake hauzidi mikromita 2.5, na unywele mmoja unazizidi kwa zaidi ya mara 20. Kohozi halizitoi. Zinashuka hadi vifuko vya mwisho vya mapafu, na nyingine zinapenya kwenye damu, ndiyo maana zinaleta kiharusi na magonjwa ya moyo pamoja na kikohozi. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilisema wastani wa mwaka usizidi mikrogramu 5 katika kila mita ya ujazo ya hewa.

Njoo sasa uone mama mmoja wa huku kwetu anavyoiandaa siku yake. Jua likiwaka anapika nje, kwenye mafiga, na moshi unakwenda na upepo. Mvua ikianza, moto unahamia ndani. Nyumba ni ya udongo, juu turubai, dirisha ni dogo au halipo. Maharage makavu yanataka saa tatu kama yamelowekwa vibaya au hayakulowekwa kabisa, na kuni zenyewe bado mbichi, kwa sababu miti ya karibu iliisha zamani na mtu anaokota anachokipata. Anainama kupuliza. Mtoto yuko mgongoni, kichwa kikichungulia begani, usawa uleule wa moshi.

Tupige hesabu ya mfano. Ndani ya chumba hicho hewa ikiwa na mikrogramu 500, kiasi ambacho si cha ajabu kwa moto wa kuni uliofungiwa, naye akakaa humo saa tatu. Kisha saa 21 zilizobaki akavuta hewa yenye mikrogramu 25. Wastani wa siku yake unafika 84. Kipimo cha juu ya paa kingeandika 25 na kumhesabu sawa na mume wake aliyeshinda nje kwenye biashara. Mtoto wa mgongoni asingehesabiwa popote.

Mbarara nako, ambako wengi wetu tunakwenda kununua bidhaa, kutibiwa na kusoma, watu hawavuti hewa moja. Kijana wa bodaboda anakaa siku nzima nyuma ya malori ya njia ya Kabale na Katuna. Mchoma nyama na muuza chapati wanavuta moshi wa jiko lao wenyewe hadi usiku, na mkaazi wa mtaa usiofikiwa na gari la taka anavuta plastiki anayoichoma jirani alfajiri. Mlinzi aliyejifungia kibandani na jiko la makaa ana hatari nyingine: makaa yana chembe chache kuliko kuni, lakini gesi yake ya kaboni monoksidi inaua mtu usingizini. Kila mmoja anahitaji dawa yake, na bila kupima mtu mmojammoja hatutajua ya nani ni ipi.

Jambo hili linawezekana, tena limefanyika jirani kabisa. Katika vijiji vya kusini-magharibi mwa Uganda watafiti waliwavisha vipimo wanawake 80, kisha baadhi yao wakafungiwa taa za sola badala ya tadoba, ile koroboi ya kopo na utambi. Matokeo yalichapishwa 2022: chembe katika hewa waliyovuta wenye sola zilipungua takriban mikrogramu 36. Hiyo ni zaidi ya mara saba ya kikomo cha Shirika la Afya Duniani, imeondoka kwa kuzima kitaa kidogo cha mezani! Nguzo ya barabarani isingeiona hata siku moja.

Malawi inatufundisha upande wa pili. Kule yaligawiwa majiko yaliyoboreshwa katika vijiji vya Chikhwawa na Karonga, kwa utafiti mkubwa uliotolewa 2017, na nimonia ya watoto wa chini ya miaka mitano haikupungua. Jiko lilibadilika, lakini moshi wa jirani, taka zinazochomwa na tumbaku vikabaki palepale. Nalisema hili kwa sababu huku tunapewa majiko ya kila aina, mradi huu na mradi ule, na sijaona anayerudi kuuliza kifua cha mama kimepata nafuu gani.

Kwa hiyo naomba mambo mawili. NEMA, pamoja na Ofisi ya Waziri Mkuu na Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Mbarara, iwavishe vipimo vidogo wapishi wa majumbani, wachuuzi, bodaboda na wanafunzi, Mbarara mjini na katika kanda zetu za Base Camp, Juru na Rubondo, msimu wa kiangazi na msimu wa mvua. Kisha fedha zifuate matokeo: kama ni kuni mbichi, tupatiwe nishati nyingine; kama ni taka, gari lipite; kama ni tadoba, sola ziletwe.

Majibu yakipatikana, yasomwe hadharani kwa Kiswahili, Kinyankole, Kinyarwanda na Kisomali, na kila aliyevaa kipimo aambiwe namba yake. Vikundi vya akina mama vya huku vinakutana kila wiki. Afisa wenu akifika, hatakosa watu wa kuanza nao.

Wako mtiifu,
Mkaazi wa Rubondo, Nakivale