Fedha Hununua Kiongozi, Hazinunui Mahali

Katika pwani yetu pana desturi moja inayokua kila mwaka, nayo yasifiwa na wengi kuwa ni alama ya maendeleo. Mtu mwenye uwezo hukodi motokaa, hukodi na kiongozi wa peke yake, akazungushwa kutwa moja katika magofu ya miji ya kale na misitu mitakatifu ya wazee. Asubuhi hutoka hotelini. Magharibi hurudi na picha mia, na moyoni ameridhika kwamba ameijua nchi. Mimi nasema kuwa desturi hii, jinsi inavyofanywa na wengi, ina madhara makubwa. Haidhuru mawe peke yake, bali huudhuru ukweli, na huwadhuru wenye mahali penyewe. Ninyi wanafunzi ndio nitakaowaeleza sababu, kwa kuwa mali hii ilikuwa yenu kabla ya kuonyeshwa mgeni ye yote.

Sisemi haya kwa kusikia. Jamaa yangu mmoja, mkazi wa mji wa bara, aliniita nifuatane naye katika safari ya namna hiyo kutoka Malindi. Alikuwa amelipa ujira mzuri, na kwa ujira huo aliahidiwa mambo matatu katika siku moja: Gede asubuhi, Mnarani adhuhuri, na kaya moja ya Wamijikenda alasiri. Alifurahi kama mtu aliyepata nguo tatu kwa bei ya moja.

Mji wa Gede uko kusini ya Malindi, ndani ya msitu, mwendo mfupi kutoka baharini. Kuta zake za matumbawe zimesimama chini ya vivuli vya miti mikubwa. Pana msikiti mkuu, pana jumba la kifalme, pana visima virefu, na pana kaburi lililochorwa mwaka 802 wa Hijra, yaani 1399 wa Miladia. Waliochimbua nyumba zake walikuta vyombo vya Kichina, sarafu ya Uchina, taa ya chuma na mkasi, hata nyumba nyingine zikapewa majina ya vitu hivyo. Wenyeji wake waliuhama kabisa mwanzoni mwa karne ya 17. Magofu yake yaliwekwa chini ya ulinzi wa sheria mwaka 1927, na mwaka 2024 yakatiwa katika orodha ya Urithi wa Dunia.

Kiongozi wetu alikuwa kijana mwepesi wa ulimi. Alituambia kwamba mji ule ulijengwa na Waarabu waliokuja na ustaarabu wao, kwamba wenyeji wa zama hizo walikuwa watu wa porini, na kwamba mji ulikufa kwa laana. Jamaa yangu aliitikia kwa furaha. Mimi nilimwuliza, "Ndugu yangu, nani aliyekufundisha hayo?" Akacheka, akajibu, "Bwana, wageni huyapenda hivyo."

Jibu hilo ndilo lililonitia kalamu mkononi. Katika darasa, mwalimu akikosea yupo mwanafunzi wa kuinua mkono. Katika baraza, msemaji akitia chumvi yupo mzee wa kukohoa. Lakini katika safari ya mtu mmoja na kiongozi wake, hakuna wa kuinua mkono wala wa kukohoa. Aliyelipa ndiye msikilizaji, na yeye ndiye hakimu. Hadithi ikimpendeza huhesabiwa kuwa kweli; ukweli usipompendeza hubadilishwa kesho yake kwa ajili ya mgeni mwingine. Hivyo historia ya watu hugeuka kuwa bidhaa, na bidhaa hushonwa kwa kipimo cha mnunuzi.

Uwongo ule haukuzaliwa na kijana yule, yeye aliurithi. Mtaalamu James Kirkman, aliyeanza kuchimbua Gede mwaka 1948, alitoa kitabu mwaka 1954 ambacho jina lake liliuita mji huo kuwa ni mji wa Waarabu. Tusimdhulumu: kazi yake ilikuwa kubwa, na kuta nyingi zimesimama kwa juhudi yake. Lakini alisema kwa mawazo ya zama zake, na elimu haikusimama alipoiacha. Katika miaka ya 1980 wachimbuzi walifukua Shanga, katika visiwa vya Lamu, wakakuta chini ya msikiti wa mawe misikiti midogo ya miti, wa chini kabisa ukiwa wa karne ya 8. Mji haukushuka kutoka jahazini ukiwa umekamilika. Ulikua hatua kwa hatua mahali pale pale, kama mtoto anavyokua katika nyumba ya wazazi wake. Mwaka 2023 wataalamu walitoa habari za uchunguzi wa mifupa ya makaburi ya kale ya pwani. Walionyesha kwamba tangu zama za mwaka 1000 hivi, watu kutoka Asia, hasa Uajemi, walichanganya damu na Waafrika, na kwamba sehemu kubwa ya damu ya Kiafrika ilitoka kwa akina mama. Basi wageni walifika, wakaoa, wakawa watu wa hapa. Walakini hawakukuta pori tupu, walikuta wakwe.

Na laana je? Wataalamu wametaja sababu mbalimbali za kuhamwa kwa Gede: kupungua kwa maji ya visima, vita, na kubadilika kwa biashara ya bahari. Hawajapatana juu ya sababu moja. Lakini shaka ya mtu mwaminifu haiuziki kama laana, na kwa hiyo mnunuzi hupewa laana.

Huenda mtu akauliza, madhara yako wapi ikiwa mgeni amefurahi? Madhara yako kwa mtoto wa kijiji kile anayesimama langoni. Husikia kila siku kwamba babu zake walikuwa watazamaji wa ustaarabu wa watu wengine. Atakua akiamini kwamba kila kizuri hutoka ng'ambo, na kwamba kazi yake duniani ni kufungua lango ili wengine wapite. Hakuna wizi mbaya kuliko huo, kwa sababu aliyeibiwa hajui kwamba ameibiwa.

Kutoka Gede tulikwenda Mnarani, juu ya hori ya Kilifi. Misikiti na makaburi yaliyovumilia jua na mvua kwa karne nyingi yalipata kwetu dakika ishirini. Kiongozi aliitazama saa yake, jamaa yangu akapiga picha, tukaondoka. Haraka haraka haina baraka, nasi siku ile tuliikimbia baraka yenyewe.

Alasiri tukafika ukingoni mwa kaya. Kiongozi hakuuliza nyumba ya mzee ye yote; alitangulia kwenye njia nyembamba, nasi tukamfuata. Hatukwenda mbali. Mzee mmoja, aliyejifunga kaniki na kushika mkongojo, alisimama mbele yetu. Hakukasirika. Tulimwamkia, akaitikia, kisha akasema, "Wanangu, hodi mmepiga wapi?"

Kiongozi alijibu upesi, "Mzee, huyu bwana ameshalipa."

Mzee akauliza, "Amemlipa nani?"

Hakuna aliyekuwa na jibu. Nilitazama chini kama mtoto aliyekamatwa na embe la jirani. Tulirudi tulikotoka, na katika motokaa jamaa yangu alinung'unika kwamba amepunjwa theluthi ya fedha zake. Mimi niliona kwamba swali lile fupi lilikuwa ndilo somo pekee la kweli tulilopata siku nzima.

Amemlipa nani? Hebu tufikiri. Kaya zilikuwa miji ya Wamijikenda iliyojengwa ndani ya misitu ili kuwakinga na adui. Watu walipotoka kwenda kulima nje, waliacha humo makaburi ya wazee wao na mahali pa kuomba. Wakakataza kukata miti, kuchunga ng'ombe na kuondoa kitu cho chote. Kwa makatazo hayo misitu ile imebaki, hali misitu mingi iliyoizunguka imekwisha kwa shoka. Mwaka 2008 kaya 10 zilitiwa katika orodha ya Urithi wa Dunia. Walizilinda wazee wasio na mshahara, kwa neno tu na heshima ya neno.

Mahali hapo palilipiwa pia kwa damu na machozi. Mwaka 1913 Mekatilili wa Menza aliwaita Wagiriama wakatae kutoa vijana wao kwa kazi za serikali ya Waingereza, na viapo vya umoja vikafanywa katika kaya. Mwezi wa Agosti 1914 serikali hiyo iliilipua Kaya Fungo kwa baruti. Ilikuwa na bunduki na askari, lakini iliuogopa msitu, maana ilijua kwamba watu hukusanya nguvu zao mahali wanapopaheshimu.

Baruti ilipokwisha, ilikuja hila. Wagiriama huwasimamishia wafu wao walioheshimiwa katika chama cha Gohu nguzo za mti zilizochongwa, zinazoitwa vigango. Kigango kikisimikwa hakiondolewi. Huachwa mpaka kichakae chenyewe. Katika karne ya 20 vigango vingi viliibwa, vikauzwa kwa wafanyabiashara wa sanaa, vikavushwa bahari mpaka Marekani, vikasimamishwa katika nyumba za matajiri na katika makumbusho. Makumbusho moja ya mji wa Denver yalirudisha 30 mwaka 2019. Vingine bado viko ugenini. Mwizi wa kigango hakuzaliwa usiku ule alioiba. Alizaliwa mchana ule alioonyeshwa kaburi la mtu kana kwamba ni pambo la dukani.

Najua nitakavyojibiwa. Wa kwanza atasema: "Wageni huleta fedha; ukiwafukuza, tutakula heshima?" Simfukuzi mgeni. Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini hawakusema, mgeni njoo, mwenyeji aondoke. Tazama Kaya Kinondo, karibu na Diani. Huko wazee wenyewe wamekubali wageni waingie katika sehemu ya msitu wao. Mgeni hufungwa kaniki, huelezwa miko, huongozwa na mtu wa pale, na haondoki hata na jani. Kiingilio chake huwafaa wenyeji. Hapo fedha zimepita mlangoni. Ninayoyapinga ni fedha zinazoruka ukuta.

Wa pili atasema: "Mimi ni Mwislamu," au "Mimi ni Mkristo, nitaheshimuje mizimu?" Ndugu huyu amechanganya heshima na imani. Mkristo akivua viatu mlangoni mwa msikiti hajasilimu. Mwislamu akinyamaza kanisani wakati wa maziko hajabatizwa. Amewaheshimu watu, na kuwaheshimu watu ni wajibu katika kila dini njema. Hukuitwa kayani uabudu. Umetakiwa tu usidharau.

Wa tatu atasema kwamba viongozi wote si kama yule kijana. Ni kweli. Wako wanaosoma, wanaouliza wazee, na wanaothubutu kumwambia mgeni, "Hilo halijulikani bado." Hao wanastahili ujira mara mbili. Lakini watadumu vipi, ikiwa mgeni humtafuta anayechekesha na kumwacha anayefundisha? Mnunuzi ndiye anayemlea muuzaji.

Sasa nawageukia ninyi, vijana, kwa maana si haki kumlaumu mgeni nikawaacha wenye nyumba. Ni nani aliyechora jina lake kwa msumari katika lipu ya karne ya 15? Si mtalii peke yake. Ni wanafunzi wangapi waliopelekwa Gede kwa basi, wakanunua soda, wakawakimbiza tumbili, wakarudi shuleni bila kujua hata mwaka mmoja wa mji ule? Nasi tunapofanya hivyo, tofauti yetu na jamaa yangu ni kwamba yeye alilipa zaidi. Msahau kwao ni mtumwa, na utumwa huu hauhitaji mnyororo.

Basi shikeni haya mnapokwenda, iwe Gede, Kinondo, Ngome ya Yesu, au Thimlich Ohinga kule Migori. Nendeni mahali pamoja kwa siku moja, mkae mpaka mpachoke, kisha mkae tena, maana baada ya uchovu ndipo macho huanza kuona. Someni kabla ya kwenda, ili kiongozi mwema apate wa kuzungumza naye na mwongo apate wa kumwogopa. Mwulizeni kila msemaji, kwa adabu, ameyajuaje anayoyasema. Msichukue hata kigae. Kigae kikiwa ardhini ni ushahidi, kikiwa mfukoni ni takataka. Na kabla ya hatua ya kwanza, pigeni hodi kwa wenyewe. Mkiambiwa ngojeni, ngojeni. Mkiambiwa rudini, rudini bila kinyongo, kwa maana mlango usioweza kufungwa si mlango.

Mimi nilirudi kwenye kaya ile baada ya miezi michache, peke yangu, bila motokaa ya kukodi. Nilianzia nyumbani kwa mzee. Nilikaa naye kibarazani mpaka jua likaelekea kuchwa, naye hakunipeleka msituni siku ile. Aliniambia majina ya miti, na majina ya watu waliolala chini yake. Sikuona kaburi hata moja, wala sikupiga picha. Lakini kama ningeulizwa tena, "Amemlipa nani?", jibu ningekuwa nalo.