Nati Imekatika, Mzee Baba Kakaa Kimya: Huo Siyo Ufundi!

Kila mtaa wa Tunduma unaye jamaa huyu, kuanzia Sogea mpaka Mpemba. Jina lake libaki kapuni tu, maana hata likitajwa kila mtu atasema ni jirani yake. Jumamosi asubuhi kavaa bukta na kandambili, Noah yake kaitoa mbele ya geti, simu kaiegemeza kwenye ndoo ili watu wa WhatsApp wasikose kitu. Leo anabadilisha pedi za breki mwenyewe. Fundi wa nini bwana, wakati mtandaoni kila kitu kipo?

Baada ya dakika kumi picha zinakoma. Nati ya tairi imegoma.

Kujitengenezea gari nyumbani siyo kosa hata kidogo. Hela ngumu, na kazi ndogondogo za gari mtu makini anaziweza vizuri tu. Kasheshe linaanza pale chuma kinaposema hapana. Jamaa anaona kama kadharauliwa mbele ya mke na majirani. Analeta bomba la kurefushia spana, anaita vijana wawili, wanakanyaga kwa pamoja. Taa! Nati imetoka kweli, ila imetoka na kipande cha bolti ndani yake.

Sasa angalia anachofanya baada ya hapo. Anatazama kushoto, anatazama kulia. Anarudisha tairi na nati nne badala ya tano, anabandika kifuniko cha rimu juu yake, ananawa mikono. Mama watoto akiuliza, "Baba, imeshapona?" anajibiwa, "Iko fresh, mama." Jumatatu gari hiyohiyo inapakia familia kwenda Mbeya, inashuka mlima Senjele katikati ya malori yaliyosheheni, na siri ipo kwa mtu mmoja tu.

Hicho ndicho cha kulaumiwa. Nati kukatika ni ajali ya kazi. Kuificha ni uamuzi.

Tuanze na nati yenyewe, maana wengi wanagombana na kitu wasichokijua. Magari mengi mtaani yametoka Japan yakiwa yameshatumika. Kaskazini mwa nchi ile, theluji ikianguka barabara humwagiwa chumvi, na chumvi hiyo inarukia chini ya gari na kujificha kwenye maungio. Gari linapanda meli, linapita upepo wa bahari hadi bandari ya Dar es Salaam, halafu linakuja mpaka huku. Wanaoishi Tunduma wanaziona kila siku zile gari za IT zikivuka kwenda Nakonde na mbele zaidi. Zinazobaki zinakutana na matope ya masika ya Nyanda za Juu. Juu rangi inang'aa kama kioo, chini kumeoza.

Na kutu ina tabia moja: inachukua nafasi kubwa kuliko chuma ilichokila. Ikiota katikati ya meno ya nati na meno ya bolti, inajaza kila upenyo mpaka viwili vinakuwa kitu kimoja. Wakati huohuo bolti yenyewe inazidi kukonda. Ndiyo maana nguvu peke yake haisaidii. Wanaume watatu juu ya bomba wanapima tu nani ataachia kwanza, kutu au bolti. Mara nyingi ni bolti.

Watu wa mkoa wa Songwe wangetakiwa kuwa wa kwanza kukiheshimu chuma. Kimondo cha Mbozi kipo palepale Ndolezi, donge la chuma na nikeli, tani zaidi ya kumi, na hakuna aliyewahi kukibeba kwa hasira.

Fundi anayejua kazi anaanza jana yake. Anasugua meno ya bolti kwa brashi ya waya, anapulizia dawa ya kulegeza nati, anaiacha ilale. Asiye na dawa hutumia dizeli au mafuta ya taa, ila hayo yanaingia taratibu, hivyo subira iwe ndefu zaidi. Asubuhi anaigonga nati kwa nyundo, siyo kwa kuiponda, ni kuitikisa ili kutu ipasuke. Anavaa boksi spana ya pembe sita inayokaa sawasawa, siyo ile spana malaya inayokula kona za nati mpaka inakuwa duara. Kisha anaisogeza kidogo kufungua, anairudisha kidogo, anaongeza dawa, anasogeza tena. Ikianza kulia, anapumzika.

Na nati za tairi zinalegezwa gari likiwa chini, tairi limekanyaga ardhi, breki ya mkono imevutwa na jiwe limewekwa. Kumkanyagia mtu bomba wakati gari lipo juu ya jeki ni kuomba msiba. Moto nao una mahali pake. Chuma kikipashwa kinatanuka na kutu inaachia, lakini siyo karibu na tenki, mpira wa breki au shokapu, wala pale palipotoka kumwagiwa mafuta muda huohuo. Hiyo ni kazi ya mwenye gesi na uzoefu.

Wapo watakaosema, mbona hata mafundi wa gereji wanavunja? Kweli kabisa. Wapo wanaovunja, tena wapo wanaoficha na kudai hela kamili. Lakini ubaya wa gereji haumsafishi baba wa nyumbani. Fundi wa gereji hawajui abiria. Mzee baba anawajua kwa majina, na ndiye aliyewafunga mikanda.

Kinachoshangaza zaidi ni kwamba dawa ya bolti iliyokatika ipo, na wala siyo ya kutisha. Bolti ya tairi hugongwa ikatoka nyuma ya habu, mpya ikavutwa mahali pake. Ni moja ya spea za bei ndogo kwenye gari zima. Bolti nyingine ikikatika na kubakiza kisiki, fundi wa kuchomelea anabandika nati juu ya kisiki, joto linalegeza kutu, spana inaingia, kinatoka. Kinachokwamisha ni kinywa cha mtu kufunguka na kusema, "Nimeikata."

Kwa nini ni ngumu hivyo? Kwa sababu asubuhi alishajitangaza. Picha zimeshapendwa, shemeji kashaandika "fundi wetu huyo". Kurudi jioni na kusema gari halitembei anaona ni kushuka bei. Basi anachagua heshima ya siku moja, na zile bolti nne zilizobaki zinabeba mzigo wa tano kwenye kila kona na kila shimo. Moja ikilegea au ikikatika, zilizobaki zinaelemewa zaidi. Bolti haijui nani alipata pongezi nyingi.

Ufundi haupimwi kwa nati zilizofunguka. Hata mtoto hufungua nati isiyo na kutu. Unapimwa pale kitu kimevunjika na hakuna aliyeona. Mwanaume anayeingia ndani na kusema, "Mama, Jumatatu pandeni basi, gari bado," huyo ndiye wa kukabidhiwa funguo.

Wadau mnasemaje: gari kulala nje ya geti bila tairi, au familia kusafiri na nati nne kimyakimya, aibu ipo wapi?