Hesabu ya Swichi: Mashine Ihesabu, Tawi Lijibu

WANAHISA wadogo wa Njombe na Makambako wamezoea kuuliza mambo mawili kila taarifa ya mwaka inapotoka: faida imekuwa kiasi gani, na gawio litalipwa lini. Ni nadra kumsikia anayeuliza kama mali iliyoandikwa kwenye mizania ipo kweli. Swali hilo la tatu ndilo lililostahili kutangulia.

Katika Soko la Hisa la Dar es Salaam, NMB iliorodheshwa mwaka 2008, CRDB 2009 na Vodacom Tanzania 2017. Biashara za aina hii haziendeshwi bila swichi za mtandao, yaani vifaa vinavyounganisha kompyuta za ofisi moja na kupitisha taarifa zake kwenda makao makuu. Swichi hukaa kabatini na mteja haioni. Ikizimika, huduma dirishani husimama.

Kifaa hiki hupoteza thamani haraka. Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004 inaweka kompyuta na vifaa vya kuchakata taarifa katika daraja la kwanza la uchakavu, asilimia 37.5 kwa mwaka ya thamani iliyobaki. Kwa mfano, swichi ya shilingi 3,000,000 hubaki na 1,875,000 baada ya mwaka mmoja, na 1,171,875 baada ya miwili. Ikiwa swichi imeungua au imeibwa na daftari bado linaitaja, mwanahisa anaonyeshwa thamani isiyokuwepo. Ikiwa ipo lakini haimo daftarini, kampuni inaweza kununua nyingine bila sababu. Wahenga walikwisha kusema: mali bila daftari hupotea bila habari.

Njia ya zamani ya kuhesabu inafahamika. Afisa hupanda basi Dar es Salaam, hushinda barabarani kutwa nzima, hushuka Makambako, akamaliza kazi na kuendelea kilomita kama 60 hadi Njombe. Nauli, posho na malazi hulipwa na kampuni. Kazi yenyewe ni kuinama chini ya kabati na kunakili namba ndefu ya kiwandani kwa kalamu, ambapo sifuri hugeuka herufi O kirahisi. Kwa kuwa safari hiyo ni ya mara moja kwa mwaka, miezi iliyobaki vifaa huhamishwa kutoka tawi hadi tawi bila karatasi. Hesabu zisipolingana, wa kwanza kunyooshewa kidole ni mtunza stoo.

Leo kuna njia iliyo rahisi zaidi. Ni skripti, maagizo yanayoandikwa mara moja, mara nyingi kwa lugha ya Python, kisha kompyuta ikayatekeleza yenyewe kila usiku. Skripti hupewa orodha ya anwani za swichi, huigongea hodi kila moja na kuiuliza aina yake, namba yake ya kiwandani, na toleo la programu inayotumia. Majibu hupangwa kwenye jedwali na kulinganishwa na daftari la mali. Si jambo geni: muundo wa pamoja wa vifaa kueleza sehemu zake ulichapishwa mwaka 1996, na toleo la 1999 likaongeza nafasi ya namba ya kiwandani. Kazi ya siku kadhaa za safari inakuwa ya dakika chache.

Hata hivyo, kampuni zisidhani zimenunua ukweli mtupu. Skripti husikia kifaa kinachojibu tu. Swichi iliyozimwa, iliyo stoo au ambayo anwani yake haimo kwenye orodha itaonekana kama haipo. Zile ndogo za bei nafuu zisizo na anwani hazijibu kabisa. Tena kuna suala ambalo wauza viazi wa Njombe watalielewa upesi, nalo ni lumbesa. Gunia moja kwenye karatasi, ndani yake ni zaidi ya gunia. Swichi nazo huunganishwa kadhaa zikafanya kazi kama moja, na skripti iliyoandikwa kwa haraka husoma namba ya kwanza na kuhesabu moja.

Usalama nao una gharama yake. Skripti inayoingia kwenye kila swichi hubeba funguo za nyumba nzima. Inatosha ipewe ruhusa ya kusoma tu, na kwa wanaotumia itifaki ya SNMP, itumike toleo la tatu, kwa sababu matoleo ya awali hupitisha neno la siri waziwazi.

Kwa hiyo, mashine ihesabu, lakini tawi lijibu. Kila wiki orodha ya tofauti ipelekwe Makambako au Njombe, na mtu aliye karibu na kabati aandike sababu na kutia saini: imeungua, imehamishwa, ipo stoo, haionekani. Utaratibu huo unamlinda pia mtunza stoo, kwa kuwa tofauti inajulikana ndani ya wiki, mashahidi wangali wanakumbuka. Kampuni inayoweka skripti na kumwondoa mtu huyo itabaki na orodha nzuri ambayo hakuna wa kuithibitisha.

Wakazi wa Njombe wana sababu ya kulichukulia hili kwa uzito. Januari 2018 Benki Kuu ilifuta leseni za benki 5, Benki ya Wananchi Njombe ikiwa mojawapo, kwa upungufu wa mtaji. Swichi hazikuwa chanzo. Lakini siku mfilisi anapoingia mlangoni, hutaka orodha ya mali inayoweza kuguswa na kuuzwa, na mwanahisa hupata kinachobaki baada ya wadai wote.

Katika mkutano mkuu ujao, mwanahisa mwenye hisa 100 ana haki ya kusimama sawa na mwenye milioni. Aulize: vifaa vya mtandao vilihesabiwa lini, tofauti na daftari ilikuwa kiasi gani, na nani aliisaini. Bodi isiyo na jibu haijui ilicho nacho.

Mwenye duka la swichi moja pale Makambako hahitaji skripti. Daftari la shule, namba ya kiwandani, tarehe ya kununua na risiti iliyobanwa kwenye ukurasa vinamtosha.