Toroli za Mombasa: nani alipanda, nani alisukuma?

Kila panapozuka mjadala kuhusu msongamano wa magari mijini mwetu, hawakosekani wanaodai kwamba reli ya kubeba abiria ndani ya mji ni fikra ngeni kwetu. Dai hilo halina mashiko. Mombasa ilikuwa na reli ya namna hiyo kabla Nairobi haijawa mji.

Mwaka 1890, kampuni ya Imperial British East Africa ilianza kutandika reli nyembamba, ya upana wa futi mbili, upande wa bara, kwa azma ya kufika Ziwa Victoria. Kazi ilikwama baada ya maili chache tu. Vyuma vile viling'olewa, vikavushwa hadi kisiwani, na njia ikatandikwa kutoka upande wa Mji wa Kale hadi Kilindini. Injini haikuwako, wala farasi. Vigari vyenye viti na kivuli cha turubai vilisukumwa na wanaume waliokimbia nyuma yake juani. Kiswahili kikavipokea kwa jina la toroli.

Ningependa walimu wa historia wawaonyeshe wanafunzi jinsi njia hizo zilivyopita. Matawi ya reli yalichepuka hadi majumbani kwa maofisa wa kikoloni, na baadhi yao walimiliki toroli zao binafsi. Wenyeji wengi walikwenda kwa miguu. Kwa hiyo, ingawa toroli zilipita hadharani, mimi siziiti usafiri wa umma. Hata msamiati una ushahidi wake: dereva ana jina, utingo ana jina, lakini aliyekimbia nyuma ya toroli hakuachiwa jina mahususi la kazi yake. (Wasukuma mikokoteni ya maji wa leo nao wangekuwa na la kusema.)

Motokaa zilipoenea katika miaka ya 1920, toroli zilitoweka, na hakuna tramu ya umeme iliyoshika nafasi yake. Pengo hilo lilizibwa na mabasi, kisha matatu.

Mwaka 2017 treni mpya ya kutoka Nairobi ilipoanza kazi, kituo chake kilikuwa Miritini, upande wa bara. Msafiri wa kisiwani alilazimika kushuka na kutafuta matatu au tuktuk. Hapo zamani vyuma viling'olewa bara vikaletwa kisiwani. Safari hii vilikomea bara. Basi wanaochora njia mpya za miji yetu waulizwe mapema: mfanyakazi wa Changamwe au Likoni atapandia wapi, na kwa nauli gani?