Akiba Iozayo Kabatini

Hapana methali itumiwayo vibaya katika Bukoba na Muleba kuliko ile isemayo kuwa akiba haiozi. Mwenye kabati lililojaa huitoa kila aulizwapo kwa nini ameweka nguo ambazo mwili wake haukuzigusa kwa miaka mingi. Kwa fedha iliyowekwa methali hiyo yaweza kuwa kweli. Kwa nguo, hasa pande hizi, ni uongo. Mji wa Bukoba hupata mvua ipatayo milimita 2,000 kwa mwaka, na ziwa huuletea unyevu hata siku za jua. Suti iliyofungiwa tangu harusi ya miaka kumi iliyopita hupata madoa ya kawa mabegani. Kitenge huchakaa katika mikunjo yake. Sweta la sufu huliwa na nondo. Akiba hiyo huoza, tena huoza kimya kimya, na mwenyewe huendelea kujihesabu kuwa tajiri.

Ajabu ni kwamba mtu huyo huyo hulalamika kuwa hana nguo. Kila asubuhi husimama mbele ya nguo arobaini, akatwaa moja ya zile tano azivaazo siku zote. Hizo tano ndizo nguo zake. Thelathini na tano zilizobaki ni za nani? Si zake, kwa kuwa kumiliki nguo ni kuivaa. Wala si za jirani, kwa kuwa zimefungiwa. Ni mali isiyo na mwenyewe, na yeye ni mlinzi wake asiye na mshahara.

Chemchemi kubwa ya nguo zisizovaliwa ni sherehe. Harusi moja yaweza kuwa na sare ya kamati, sare ya upande wa bwana harusi, sare ya upande wa bibi harusi, na nyingine ya siku ya kumuaga binti. Mama aliyeuza kahawa au ndizi zake Kamachumu hununua kitenge, humlipa fundi cherehani, huivaa sare hiyo tangu alasiri hata usiku wa manane, kisha huikunja. Harusi ijayo ina rangi yake, na kuja na rangi ya harusi iliyopita huonekana kuwa ni utovu wa adabu. Asiye na fedha hukopa ili asionekane peke yake katikati ya ndugu. Wapo wasemao kuwa hiyo ni heshima. La, hiyo ni kodi ambayo hapana bunge lililoitungia sheria, na mtoza kodi wake ni jicho la jirani.

Mtetezi wa kabati aweza kukumbusha miaka ya mwanzo ya 1980, nguo zilipoadimika Tanzania nzima na watu wakapanga foleni kwa ajili ya kanga moja. Aliyeweka nguo wakati ule alikuwa na busara. Lakini tangu katikati ya miaka ile mlango wa biashara ulipofunguliwa, nguo zimerudi madukani na magulioni. Hofu iliyokuwa na sababu imebaki baada ya sababu kuondoka. Wala kabati si ngome. Oktoba 1978, majeshi ya Idi Amin yalipoingia kaskazini ya mto Kagera, watu walikimbia na kile walichokuwa wamevaa. Tarehe 10 Septemba 2016, tetemeko la kipimo cha 5.9 lilipoangusha kuta za Bukoba, watu wakalala nje. Usiku ule palihitajika blanketi na sweta. Hapana aliyehitaji suti ya tatu.

Zamani watu wa magharibi ya ziwa walivaa nguo za gome la mti. Gome lilibanduliwa, likapondwa kwa nyundo za mti hata likalainika, na shina likafungwa majani ya mgomba ili liote gome jipya. Kazi hiyo ni nzito, na kwa hiyo nguo ilitengenezwa kwa sababu palikuwa na mwili wa kuisubiri. Leo nguo ni nyingi kuliko miili. Robota la mitumba lifunguliwalo gulioni Muleba ni kabati la mtu wa Ulaya au Marekani aliyeshindwa na jambo hili hili. Mwaka 2016 wakuu wa nchi za Afrika Mashariki waliazimu kuiondoa mitumba hatua kwa hatua. Marekani ikatishia, wengi wakalegea, na Rwanda iliyoshikilia ikanyimwa mwaka 2018 nafasi ya kuuza nguo huko bila ushuru. Watu walibishana sana juu ya mlango wa bandari. Juu ya mlango wa kabati hapana aliyesema neno.

Dawa ni hesabu, nayo haihitaji shule. Mwenye kabati na afunge uzi mwekundu katika kila nguo, na kila aivaapo aukate. Mwaka mmoja una masika na vuli, Pasaka, Idi na Krismasi, harusi na misiba. Nguo isiyoitwa na lolote kati ya hayo haitaitwa tena, na uzi wake utakuwa shahidi asiyehongwa. Nguo ya marehemu mzazi na iachwe kwa ukumbusho. Lakini ukumbusho hutosheka na nguo moja, hauhitaji sanduku zima.

Zilizobaki zitolewe zingali nzima. Kungoja hata kawa iingie ndipo mtu akumbuke maskini si sadaka. Ni kumfanya maskini jalala. Nguo ilifumwa ili imsitiri mtu. Ikisitiri mbao za kabati huku mtoto wa jirani akitetemeka katika mvua ya Aprili, aliye uchi si mtoto peke yake.